Amekata beti zangu, na sasa anataka niache ualimu

Shikamoo Shangazi,

Nina rundo la madaftari ya kidato cha tatu yanayonisubiri, kwa hiyo nitajaribu kuwa mfupi, ingawa wanaonijua watakwambia sina kipaji hicho.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili huku Pwani ya Kenya. Utunzi nilifunzwa na mjomba wangu, mzee ambaye hadi leo hasomi shairi kimoyomoyo. Lazima alighani, na mizani ikipungua hata moja anasita papo hapo na kukutazama. Nina diwani moja iliyochapishwa, ambayo nadhani nakala nyingi zimeuzwa na mimi mwenyewe kutoka kwenye mkoba kuliko dukani. Msimu wa tamasha za muziki ukifika, shule za jirani huniomba niwatungie mashairi ya kukariri, na hapo hupata chochote cha kuongezea mshahara.

Sasa kuna mtunzi wa muziki kutoka Ujerumani aliyepita huku, akawasikia wanafunzi wangu wakighani utenzi, akanitafuta. Anataka kuunda opera ya Kiswahili, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, ya saa moja na nusu hivi, na maneno yawe yangu. Kisa tulikubaliana bila taabu: jahazi limerudi bandarini bila nahodha wake. Mkewe anakataa kukaa eda kwa sababu maiti haikuonekana, na huku shemeji zake wanataka jahazi liuzwe, mali igawanywe.

Nikaandika. Nikampelekea beti zaidi ya mia, nyingi tarbia, vina vimekaa mahali pake, kila mshororo mizani 16. Shangazi, laiti ungeona alichonirudishia! Nakuwekea ubeti mmoja. Mjane yuko ufuoni usiku wa kwanza:

Bahari nirudishie, nahodha wangu wa shani,
Wanawe niwaambie, baba yao yu njiani,
Tanga lake nilitie, uzi wa matumaini,
Ama nami nishukie, nilale naye kinani.

Katika muziki wake ubeti huu umebaki maneno mawili: "Bahari, nirudishie." Basi. Mwimbaji anayarudia mara juu, mara chini, dakika karibu nne. Watoto hawamo, tanga halimo. Na katika sauti aliyonitumia, yule dada anayeimba anasema BAhari, mkazo wote mwanzoni, hata nikadhani anamwita mtu kwa jina.

Nilimsikilizisha mjomba. Akasikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaikung'uta, akaniuliza: "Hawa wamekulipa ili unyamaze?" Tangu siku hiyo nikienda kwake tunazungumza bei ya nazi.

Kilichonifanya nikuandikie hasa ni hiki. Mtunzi anasema chuo kimoja cha huko kwao kinaweza kunikaribisha mwaka mzima. Nitafundisha Kiswahili saa chache kwa wiki, nimalize opera hii na kuanza nyingine. Malipo yao yanazidi mshahara wangu mara kadhaa. Lakini ni mwaka mmoja tu, na amenishauri nijiuzulu kabisa ili nijitolee kwa sanaa. Mke wangu, ambaye anauza mahamri na viazi karai asubuhi, hasemi ndiyo wala la. Ameuliza tu mwaka wa pili tutakula nini.

Mkataba nao umefika, kurasa tatu za Kiingereza. Unasema haki zote za maneno ni za jumba linaloandaa opera, duniani kote na milele, kwa malipo ya mara moja.

Je, nimeuza ushairi wangu? Niache ualimu? Nitie sahihi? Na kuna watu kweli wanaoishi kwa kazi hii ya kuandikia opera?

Wako,
Malenga Njia Panda, Malindi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye mke na watoto ndani yake. Watu wanaoishi kwa kuandika libreto peke yake, yaani hayo maneno ya opera, wapo, ila ni wa kuhesabika. Waliobaki wana kazi nyingine ya kuwalisha, na mara nyingi kazi hiyo ni chaki.

Mchukue Lorenzo Da Ponte. Huyu ndiye aliyemwandikia Mozart maneno ya opera tatu ambazo mpaka leo majumba hayachoki kuzicheza: Le nozze di Figaro mwaka 1786, Don Giovanni mwaka 1787 na Così fan tutte mwaka 1790. Alikuwa mshairi wa jumba la kifalme mjini Vienna, analipwa na Kaizari Joseph wa Pili. Kaizari akafa mwaka 1790, na mwaka uliofuata Da Ponte hana kazi. Akahamia London akaandikia opera huko, madeni yakambana, na mwaka 1805 akashuka Marekani. Unajua alifanya nini? Alifungua duka la vyakula. Aliyeandika Don Giovanni yuko nyuma ya meza anawapimia watu chai!

Kilichomwinua ni ualimu. Alifundisha Kiitaliano watoto wa matajiri wa New York, akauza vitabu, na mwaka 1825 Columbia College ikamfanya profesa wake wa kwanza wa Kiitaliano. Usishangilie mapema, kwa sababu cheo hicho hakikuwa na mshahara. Alitegemea ada za wanafunzi wanaojiandikisha, na hawakuwa wengi. Hata hivyo mwaka 1826, kampuni ya mwimbaji Manuel García ilipokuwa New York, mzee huyu mwenye miaka 77 alikaa akaitazama Don Giovanni yake ikichezwa Marekani kwa mara ya kwanza. Baadaye akajitia katika mradi wa kujenga jumba la opera ya Kiitaliano mjini humo. Lilifunguliwa mwaka 1833, na fedha zikateketea. Kuna watu hawakomi.

Sikusimulii haya kukutisha. Nakusimulia kwa sababu huyo rafiki yako anayekushauri ujiuzulu ujitolee kwa sanaa, yeye hajajiuzulu popote.

Washairi wa karibuni wameliona hilo. J. D. McClatchy, Mmarekani aliyefariki mwaka 2018, aliandika libreto nyingi, zikiwemo za 1984 ya Lorin Maazel na Our Town ya Ned Rorem, huku akifundisha Yale na kuhariri jarida la fasihi la chuo hicho kwa miaka mingi. Tracy K. Smith, aliyekuwa mshairi rasmi wa Marekani kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, ni profesa, na libreto yake ya Castor and Patience ilichezwa Cincinnati mwaka 2022. Hakuna kati yao aliyelazimika kuchagua baina ya darasa na jukwaa.

Mfano ulio karibu nawe zaidi uko Afrika Kusini. Mwaka 2002 ilichezwa Durban opera ya Kizulu iitwayo Princess Magogo kaDinuzulu, na Sibongile Khumalo ndiye aliyeimba nafasi ya binti mfalme huyo. Muziki ulitungwa na Mzilikazi Khumalo, aliyekuwa profesa wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Maneno yaliandikwa na Themba Msimang, mwandishi na msomi wa Kizulu wa UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Hawa ni walimu wa lugha wawili, mpwa wangu, na lugha yao haikutoka jukwaani imepungua kitu.

Sasa tuje palipokuuma.

Ubeti wako ni mzuri. Ni shairi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Umempa mtunzi wa muziki kitu ambacho tayari kina muziki wake. Vina vinagonga katikati na mwisho, mizani 8 zinapumua, 8 nyingine zinapumua. Yeye atie nini? W. H. Auden, mshairi wa Kiingereza ambaye naye alikula jasho la darasani kwa miaka mingi, aliandika pamoja na Chester Kallman libreto ya The Rake's Progress ya Stravinsky, iliyochezwa kwanza Venice mwaka 1951. Alikuwa na maoni kwamba beti za libreto haziandikiwi hadhira. Ni barua ya faragha kwa mtunzi wa muziki, na zikishamletea wimbo kichwani, zimemaliza kazi yake. Mimi naongeza kwamba barua ya namna hiyo usiipeleke bila kubaki na nakala. Huo ubeti na wenzake utie katika diwani yako ya pili, mzima, usiguswe na mtu.

Najua utaniambia, mbona taarabu haikati? Kweli haikati. Nimekaa na vikundi vya taarabu na kuwaandikia waimbaji, na mshairi akileta beti 5 zinaimbwa 5, kibwagizo kinarudi, waitikiaji wanaitikia. Lakini katika taarabu hakuna kinachotokea jukwaani ila mwimbaji kuimba na watu kwenda kumtuza. Shemeji mtu haingii katikati ya ubeti wa tatu na mnunuzi wa jahazi. Katika opera anaingia, na akiingia, mjane hana nafasi ya kumaliza vina.

Tena maneno yakiimbwa hula muda. Ya dakika moja ya kusema yanaweza kuchukua mbili hata tatu. Beti 100 za tarbia hata ukizighani tu ni zaidi ya nusu saa. Ziimbe zote, kila mshororo, uongeze na ala kupiga peke yake hapa na pale, uone kama saa moja na nusu itatosha.

Kwa hiyo kukatwa si dharau. Lakini lipo jambo ambalo hutakiwi kulimeza, nalo umelitaja kwa kupita tu. Ni hiyo BAhari. Ningekuwa wewe ningenyamaza kuhusu beti zote mia na kugomba juu ya neno hilo moja.

Mtunzi wako amehesabu mizani zako akaona 8 na 8, akadhani zote zina uzito sawa. Mizani yetu inahesabu silabi, haisemi ipi nzito. Mswahili hahitaji kuambiwa, kwa kuwa mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na mdomo wake unajua. Mjerumani hajui. Kwa hiyo kila utakachompelekea kuanzia leo kiwe na mikazo iliyoandikwa waziwazi: baHAri, nirudiSHIe, waNAwe, niliTIe. Umpe na sauti yako ukisoma polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayezungumza. Noti ndefu au nzito ikidondokea silabi isiyo yake, mrudishie. Hapo huombi hisani. Ni kosa la lugha kama lile unalolitilia wino mwekundu kwenye insha.

Halafu kuna irabu. Sauti ya mwanamke ikipanda juu kabisa, i na u hubanwa, na mwimbaji akifungua kinywa apate kutoa sauti, kila irabu huanza kufanana na a. "Bahari" mkazo wake uko kwenye ha, irabu wazi. Hiyo aipandishe atakavyo, itasikika. "Nirudishie" mkazo uko kwenye shi, basi aiweke katikati au chini, la sivyo watu watasikia ukelele tu. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kama ya Kiitaliano, lugha ambayo waimbaji wa opera wameipenda kwa sababu hiyo tangu zamani. Una mali mkononi, ila mwenye kuijua ni wewe, si yeye.

Nimejaribu kukigeuza kile kipande. Usinicheke:

Bahari,
nipe tanga lake.
Nipe nanga.
Nipe kamba.
Watoto wanaita: baba.
Bahari,
mlete kwangu.

Vina vya kati hakuna, mizani imezidi hapa na kupungua pale, na mjomba wako asiione. Lakini watoto wamerudi, tanga limerudi, na kila mshororo umeishia kwa neno ambalo silabi yake ya mkazo ina a. Zaidi ya hayo, kila mstari unasimama kwa miguu yake, hata mtunzi akiukata ulio jirani, uliobaki hauanguki. Ubeti wako wa tarbia hauwezi hivyo. Ukitoa mshororo mmoja, vina vya mitatu iliyobaki vinabaki vinadai.

Na ujiandae, kuna siku muziki utatangulia na maneno yafuate. Mtunzi wa muziki Puccini alipotaka maneno ya waltz ya mhusika Musetta katika La Bohème, opera iliyochezwa kwanza Turin mwaka 1896, aliwatumia waandishi wake mistari ya upuuzi ya jogoo kuwika na nyama ya kuchoma, wapate kipimo tu, wajaze wao. Giuseppe Giacosa, mmoja wa waandishi hao, alitishia kujitoa kazini zaidi ya mara moja, na kila mara akarudi. Wewe uliyezoea kuletewa maombi ya mashairi ya tamasha na walimu wenzako wiki moja kabla ya mashindano, hilo halitakushinda.

Ninachokionea uchungu katika barua yako si mishororo iliyokatwa. Ni kwamba hukutaja hata mara moja kile ambacho opera inakupa na shairi haliwezi. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilitufunza watu kujibizana kwa beti, lakini kila mmoja anangoja zamu yake. Katika opera si lazima kungoja. Sikiliza mwisho wa sehemu ya pili ya ile Figaro ya Da Ponte. Wanaanza mume na mke kugombana, anaongezeka wa tatu, wa nne, mpaka wanakuwa saba, wote wanaimba kwa pamoja, kila mtu na lake, na muziki haukatiki kwa kama dakika 20. Yasemwe bila muziki maneno yale, utasikia zogo la mnadani. Yakiimbwa, unamsikia kila mmoja.

Sasa tazama kisa chako. Mjane anasema mume wangu hajafa. Shemeji anasema jahazi liuzwe kabla ya kusi. Mama mkwe anamtaka mwanawe, hai au maiti. Shehe anahesabu miezi 4 na siku 10, na hajui aanzie siku gani. Waweke wote ukumbini mwa nyumba moja, waimbe kwa wakati mmoja, na mpe kila mtu maneno machache mno, manne matano, yenye sauti tofauti ili masikio yaweze kuyachambua. Ningelipa kiingilio kusikia hayo. Kwa beti zako za tarbia kila mmoja angesimama kusema mizani zake 64, na huku kusi imekwisha.

Mjomba wako usimpelekee tena sauti za Ujerumani. Mpelekee lile shairi zima, ulighani mbele yake, aone halijafa. Kisha mwombe akubali kurekodiwa akighani, mtunzi asikie jinsi sauti ya mzee wa Pwani inavyopanda na kushuka juu ya mshororo. Na alipwe. Jina lake liandikwe kwenye kijitabu cha onyesho. Wazee wengi husamehe sanaa mpya wakiona imewahesabu.

Mkataba huo usitie sahihi.

Kwa sheria ya Kenya, haki ya ulichoandika ni yako tangu unapokiandika, inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, ila kazi uliyoagizwa na mtu inaweza kuhesabiwa kuwa imehamia kwake kama hamkukubaliana vingine. Ndiyo maana mapatano yenu lazima yaandikwe wazi. Wape ruhusa ya kutumia maneno yako pamoja na muziki huu tu, kwa muda maalumu. Kama opera haikuchezwa katika muda huo, ruhusa inakufa na maneno yanarudi kwako. Mashairi kamili, yale ya diwani, yatajwe kwa maandishi kwamba hayamo katika mapatano. Malipo yawe kwa awamu, sehemu ukitia sahihi, sehemu ukikabidhi, sehemu ikichezwa, na juu ya hayo asilimia katika kila onyesho, popote. Mtunzi wa muziki atachukua fungu kubwa kuliko lako. Mwachie, kwa maana kuandika muziki wa ala zote ni kazi ya miaka. Usichokubali ni sifuri. Na popote jina lake lilipo, kuanzia bango hadi tiketi, lako liwepo.

Kabla ya kupeleka ukurasa mwingine, sajili ulichoandika kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na mkataba mpya umwonyeshe wakili. Ada ya wakili wa siku moja ni ndogo kuliko milele.

Kuna kazi mbili nyingine wanazotaka kukufanyisha bure, na bila shaka hukuziona. Moja ni tafsiri. Tangu jumba la Toronto lilipoanza mtindo huo mwaka 1983, majumba mengi ya opera huonyesha tafsiri ya maneno juu ya jukwaa wakati waimbaji wanaimba. Watazamaji wa Ujerumani watakujua kwa tafsiri hiyo, siyo kwa Kiswahili chako. Basi andika kwamba haionyeshwi bila wewe kuipitia na kuikubali. Ya pili ni matamshi. Waimbaji ambao hawajawahi kusema hata "habari" watahitaji mtu wa kukaa nao neno kwa neno. Hiyo ni kazi yenye jina lake na malipo yake katika majumba ya opera, na haimo ndani ya malipo ya libreto. Idai peke yake. Wewe ni mwalimu wa lugha, hakuna anayeifaa kukushinda, na katika mambo yote uliyonieleza hiyo ndiyo sehemu ambayo ualimu wako na ushairi wako vinalipwa pamoja.

Kuhusu kujiuzulu, mkeo ameuliza swali bora kuliko yangu yote, na hujamjibu. Usijiuzulu. Andika kwa TSC, tume inayowaajiri walimu, kupitia mwalimu mkuu, uombe likizo bila malipo, na uwe na jibu lao mkononi kabla mtu hajakukatia tiketi. Wakikunyima, waambie wale wa chuo wakugawie ukaribisho huo vipandevipande wakati shule zimefungwa. Novemba na Desemba si haba kwa mwandishi, na sehemu iliyobaki unaweza kuiandika hapo hapo Malindi, kwa vile barua pepe haina visa. Na kabla ya kufurahia kwamba malipo ya huko ni mara kadhaa ya mshahara wako, waulize nani analipa kodi ya nyumba, nani analipa bima ya afya, na kinabaki nini baada ya ushuru wa serikali yao. Mpe mkeo hesabu hiyo kwenye karatasi, aikague yeye.

Kifungu cha mwisho cha kudai ni uwepo wako kwenye mazoezi ya wiki za mwisho, nauli na malazi juu yao. Wakati huo ndipo mstari unakatwa jioni na mwingine unatakiwa asubuhi, na mwandishi asipokuwepo huwa anaandikiwa na mtu mwingine. Kwa hapa, huyo mtu mwingine ni msaidizi wa jukwaa mwenye kamusi.

Shangazi